Dirisha la Tatu

Januari, Vadsø. Jua tulilizika Novemba
na bado halijafufuka.
Saa kumi na mbili jioni na saa mbili asubuhi ni giza lilelile,
limebadili jina tu.
Ghorofa ya chini ya maktaba tumevua mabuti,
wanafunzi wanne, kompyuta tano,
soksi zinanuka theluji iliyoyeyuka.
Mwalimu Torgunn anafunga mlango, anauliza:
"Nani hapa amewahi kupanga foleni?"

Nikacheka. Miaka thelathini na mmoja
nilikaa dirisha la tatu, posta ya mji huu,
nikiitazama foleni kama wengine watazamavyo televisheni.

"Basi Eilif atatusaidia," akasema,
akaandika ubaoni: Mteja.

"Huyu si mtu bado. Ni ngeli tu,
kama fomu ya kifurushi kabla haijajazwa.
Pana mahali pa jina, jina hapana.
Pana mahali pa uzito, uzito hapana.
Fomu haipigi chafya. Fomu hailalamiki.
Ukiijaza, hapo ndipo kinazaliwa kitu,
kimoja, chenye koti lake na haraka yake.
Jaza mia, watasimama mia,
na fomu itabaki ileile moja."

Fomu! Hilo liliniingia hadi kwenye kucha.

Aslaug, msusi, akauliza: "Na pesa zake ziko wapi?"
"Ndani yake. Usimtie mkono mfukoni.
Muulize: unaweza kulipa?
Yeye ndiye ajuaye kama atatoa noti,
sarafu, au udhuru."

Nikaikumbuka droo yangu, na ufunguo wake shingoni mwangu.
Watu walipitisha ombi chini ya kioo,
stempu ikatoka.
Kwamba kando ya stempu palikuwa na pipi za chumvi
na barua moja niliyoandika nisiipeleke,
hawakujua, wala stempu zao hazikupungua gundi.

Ánte alikuwa kimya tangu Jumatatu ya kwanza.
Anafuga kulungu wa theluji, mia tatu na ushee.
"Ndama wangu," akasema, "huzaliwa na mwendo wa mama yake.
Sikumfundisha mimi.
Alama ya sikio ndiyo ninayomkata mwenyewe."
Torgunn akaiacha chaki hewani.
"Andikeni hivyohivyo. Huo ni urithi.
Mstaafu ni Mteja: analo kila alilo nalo Mteja,
na juu yake, miwani asiyoiona."

Kisha likaja lililoninyima usingizi:
unaiambia foleni nzima neno moja, *sogea*,
bila kujali nani ni nani.
Mstaafu anavuta hatua, anasimama, anavuta nyingine.
Mtoto anaruka.
Mwenye kifurushi kizito anakisukuma kwa mguu.
Neno ni moja; kila mmoja analitii kwa mwili wake.

Posta yetu waliifunga.
Vifurushi sasa huchukuliwa dukani, kati ya betri na maziwa.
Nikarudi nyumbani, nikaijenga upya jikoni,
madirisha manne, kengele, mkeka wa mlangoni,
nikaiendesha saa tano usiku.
Waliingia. Waliingia tu.
Walipofika elfu nne mia moja na kumi na mbili
kompyuta ikaganda kama ghuba.

Torgunn aliisoma kazi yangu, akacheka kwa upole:
"Eilif, hukuwapa tendo la kuondoka."

Ni kweli. Halikunijia akilini.

Nikaliandika. Mistari mitatu.
Sasa wanahudumiwa, wanaaga, wanafutika,
na saa kumi kasorobo ukumbi mtupu.

Isipokuwa Solbjørg,
aliyenunua stempu moja kila Ijumaa
na hakuwa na mtu wa kumwandikia.
Yeye nilimtungia ngeli yake peke yake.
Torgunn alisema si lazima,
kitu kimoja hakihitaji ngeli.
Nikamwambia, hiki kinahitaji.

Tendo la kuondoka sikumwekea.